MSAFARA ULIOKATIKA: AJALI YA PIKIPIKI YA RANDOLPH NA YANAYOTUHUSU



Katika kila matanga ya kijana aliyefia barabarani hakosekani mtu wa kusema kuwa ajali haina kinga. Maneno hayo ni ya faraja, na aliyefiwa ana haki ya kufarijiwa. Lakini wazee wetu walioacha methali hiyo ndio walioacha na nyingine isemayo tahadhari kabla ya hatari, wala hawakuona kuwa hizo mbili zinagombana. Kudra ni ya Mwenyezi Mungu. Kufunga mlango kabla mwizi hajaingia ni kazi ya mwenye nyumba.

Tumeona mwezi huu tuizungumze ajali moja iliyotokea hapa Marekani mwaka 2019, ambayo ilichunguzwa kwa kina na kubishaniwa mahakamani kwa muda mrefu. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu kadhaa siku hizi wananunua pikipiki na kutoka kwa makundi siku za Jumamosi na Jumapili, na wazazi wengi hawajui mambo hayo yanakwendaje. Pili, wengi wetu twala riziki kwa kuendesha: malori, teksi, magari ya kupeleka mizigo. Katika mkasa huu pande zote mbili zimo, aliye juu ya pikipiki na aliye nyuma ya usukani.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 21 Juni 2019, jioni, kabla jua halijazama. Mahali ni Randolph, kijiji kidogo cha jimbo la New Hampshire, chini ya milima ya White Mountains. Kundi la waendesha pikipiki liitwalo Jarheads Motorcycle Club lilikuwa limekusanyika hapo kutoka sehemu mbalimbali za New England. Hawakuwa wahuni. Walikuwa askari na askari wa zamani wa jeshi la Marines pamoja na wake na waume zao. Hata jina lao ni jina la utani wanaloitwa askari wa jeshi hilo. Jioni hiyo walikuwa wakielekea mji wa jirani wa Gorham, kwenye ukumbi wa chama cha wanajeshi wa zamani, kwa shughuli ya kuchangisha fedha za hisani.

Walitoka kwa msafara katika barabara kuu nambari 2, ambayo hapo ni njia moja kwenda na njia moja kurudi. Kutoka upande wa pili ilikuja gari aina ya pikapu ikivuta trela tupu la kubebea magari. Dereva wake alikuwa kijana wa miaka 23 aliyeajiriwa na kampuni ndogo ya kusafirisha magari ya jimbo la Massachusetts. Pikapu na trela lake viligongana na pikipiki za mbele, na zilizofuata nyuma zikaingia katika vifusi hivyo pasipo nafasi ya kukwepa. Pikapu ikashika moto.

Watu saba walikufa. Walikuwa na umri kati ya miaka 42 na 62, na miongoni mwao walikuwamo mume na mke, kila mmoja ana miaka 58. Wengine walijeruhiwa. Wale waliokuwa nyuma ya msafara, ambao pengine sekunde mbili au tatu tu ndizo zilizowaokoa, walishuka wakaanza kuwahudumia wenzao hapo hapo barabarani. Dereva wa pikapu alitoka salama.

BARUA ZILIZOKAA MABOKSINI

Baada ya siku chache likadhihirika jambo lililoitikisa serikali ya Massachusetts. Dereva yule hakupaswa kuwa na leseni siku ile. Mwezi uliotangulia, Mei 2019, alikuwa amekamatwa katika jimbo la jirani la Connecticut kwa tuhuma ya kuendesha akiwa amelewa, akakataa kupimwa. Kwa utaratibu wa majimbo haya, Connecticut iliipa Massachusetts habari hiyo ili leseni isimamishwe. Habari ilifika. Haikushughulikiwa.

Uchunguzi ulipofanywa katika ofisi ya leseni ya jimbo hilo, yalikutwa makumi ya maboksi yaliyojaa taarifa za namna hiyo kutoka majimbo mengine. Tangu mwaka 2018 taarifa zilizokuja kwa posta zilikuwa zikipangwa na kuwekwa, bila mtu kuzifanyia kazi. Mkuu wa ofisi hiyo alijiuzulu siku chache tu baada ya ajali. Maboksi yalipofunguliwa na kusomwa, zaidi ya madereva 1,000 walisimamishiwa leseni zao. Maana yake ni kwamba watu hao wote walikuwa barabarani kila siku, wakipishana na mabasi ya shule ya watoto wetu, na karatasi za kuwazuia zimelala kwenye rafu.

Hatusemi haya ili kuwacheka makarani. Tunayasema kwa kuwa kila mmoja wetu katika kazi yake anayo karatasi ambayo ni rahisi kuiahirisha mpaka kesho. Aliyeiweka karatasi ile hakuona nyuso za watu saba juu yake. Aliona karatasi tu.

MAHAKAMANI

Wengi walidhani kesi itakuwa nyepesi. Haikuwa hivyo, na hapa yatakiwa tuwe waadilifu katika kusimulia.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, ambayo kazi yake ni kutafuta sababu za ajali na si kuhukumu mtu, ilitoa ripoti yake mwishoni mwa mwaka 2020. Iliona kuwa chanzo ni pikapu kuvuka mstari wa kati, na kwamba dereva alikuwa ameathiriwa na dawa za kulevya. Iliilaumu pia kampuni iliyomwajiri kwa kupuuza kanuni za usalama, na ofisi ya leseni kwa uzembe tuliokwisha kuueleza.

Lakini mahakama ya jinai ina mizani yake. Kesi ilisikilizwa mwezi wa Julai na Agosti 2022 mjini Lancaster, New Hampshire. Jaji aliyafuta mashtaka manane yaliyohusu ulevi, kwa kuwa aliona ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba dereva alikuwa amelewa wakati ule ule wa ajali. Yakabaki mashtaka 15. Mawakili wa utetezi walisema kuwa mwendeshaji aliyeongoza msafara ndiye aliyepoteza udhibiti wa pikipiki yake. Ilielezwa pia mahakamani kwamba damu ya marehemu huyo ilikutwa na kiwango cha pombe cha 0.135, na kikomo cha sheria ni 0.08. Wataalamu hawakuafikiana juu ya mahali hasa pikipiki ya kwanza ilipogongwa, kama ni ndani ya upande wa pikipiki au ni juu ya mstari wa kati. Tarehe 9 Agosti 2022 raia wa jopo la mahakama walimwona dereva hana hatia katika mashtaka yote 15. Walitumia muda usiofika saa tatu kuamua.

Familia za marehemu zilitoka mahakamani na machungu makubwa. Hata hivyo hukumu ni hukumu, na sisi si mahali petu kuihukumu upya katika ukurasa huu. Mtu aliyeachiliwa na mahakama hana hatia kwa sheria.

Jambo moja hata hivyo linatuhusu sisi wageni zaidi ya wenyeji. Dereva huyo alizaliwa Ukraine na hakuwa raia wa Marekani. Alikuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Aliposhinda kesi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Maofisa wa uhamiaji walimchukua, na mwaka uliofuata jaji wa uhamiaji akaamuru arejeshwe kwao. Wazazi na wawaambie vijana wao wenye kadi ya kijani: mahakama ya jinai na ofisi ya uhamiaji ni milango miwili tofauti. Kukamatwa kwa ulevi au dawa za kulevya, hata pasipo ajali, kunaweza kufungua mlango wa pili hata kama ule wa kwanza umefungwa. Mwenye shida ya namna hiyo na amtafute wakili wa uhamiaji mapema, kabla ya kukiri lolote mbele ya jaji wa jinai.

KICHWA NI KIMOJA

New Hampshire ni moja ya majimbo matatu, pamoja na Illinois na Iowa, yasiyokuwa na sheria ya kumlazimisha mwendesha pikipiki kuvaa helmeti.  Ukivuka mpaka kuingia Massachusetts, kila mtu lazima avae.

Historia yake ni hii. Mwaka 1966 serikali kuu ilitunga sheria ya usalama barabarani iliyoyafanya majimbo yatunge sheria za helmeti, la sivyo yapunguziwe fedha za barabara. Kufikia mwaka 1975 karibu majimbo yote yalikuwa yametii. Waendesha pikipiki wakalalamika kuwa uhuru wao umeingiliwa, na mwaka 1976 Bunge likaondoa adhabu ile. Jimbo moja baada ya jingine likaanza kuzifuta au kuzilegeza sheria hizo.

Uhuru ni jambo zuri, lakini mfupa wa kichwa haujui siasa. Idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa barabara inakadiria kuwa helmeti inazuia vifo 37 katika kila vifo 100 vya waendeshaji ambavyo vingetokea pasipo helmeti, na 41 katika kila 100 vya wanaopakiwa nyuma. Mwaka 2023 waliokufa kwa pikipiki nchini Marekani walikuwa 6,335. Idadi hiyo ni kiasi cha watu 15 katika kila 100 waliokufa barabarani mwaka huo, ijapokuwa pikipiki ni kama 3 tu katika kila vyombo 100 vilivyosajiliwa.

Kwa hiyo mzazi asiulize sheria ya jimbo inasemaje. Sheria ya nyumba yake inatosha. Helmeti yenye alama ya DOT nyuma, iliyokaa sawasawa kichwani na kufungwa kamba kidevuni. Iliyokwisha kuanguka kwa kishindo itupwe, hata kama kwa nje haina mkwaruzo, kwa kuwa kinachookoa ni ile tabaka ya ndani inayobonyea mara moja tu.

MSAFARA HUPANGWAJE

Sisi ni watu wa misafara. Nani kati yetu hajawahi kuwamo katika msururu wa magari ya harusi, kila mmoja akihofia kuachwa na taa nyekundu? Hofu hiyo hiyo ya kuachwa ndiyo hatari kubwa ya msafara wa pikipiki. Mwendeshaji mgeni hukimbia kupita uwezo wake ili asionekane mzito, huingia konani na mwendo usio wake, na hutazama taa ya nyuma ya mwenzake badala ya kuitazama njia.

Walimu wa pikipiki wa hapa, wafuatao mafunzo ya shirika la Motorcycle Safety Foundation, wana utaratibu ambao kila kijana wetu anaweza kuujua:

Kwanza, kundi liwe dogo, watu watano hadi saba. Wakizidi wagawanywe makundi mawili yaachane.

Pili, kabla ya kuondoka wasimame pamoja waambiane njia, vituo vya mafuta na ishara za mikono. Awepo kiongozi wa mbele na mzoefu mwingine wa nyuma kabisa. Wageni wakae katikati, karibu na kiongozi, ili mwendo ufuate uwezo wao.

Tatu, wasiende sambamba wala wasifuatane mstari mmoja. Mmoja akae kushoto mwa njia, anayefuata akae kulia, kama nyayo za mtu anayetembea. Kati ya kila pikipiki na iliyo mbele yake moja kwa moja ziwepo sekunde mbili, na kati yake na ile ya upande wa pili isipungue sekunde moja. Wafikapo kwenye kona kali au njia nyembamba, wajipange mmoja mmoja na kuongeza nafasi.

Nne, kila mtu aendeshe safari yake mwenyewe. Akiachwa, wenzake watamngoja kwenye njia panda; ndiyo maana ya kuwa na utaratibu.

Tano, na hili kwetu halina mjadala, asiwemo aliyekunywa. Wala si aliyekunywa tu. Hata aliyefanya kazi usiku kucha na macho mazito ni mzigo kwa wenzake.

Tazama sasa nafasi ile ya sekunde mbili. Katika ajali ya Randolph, kama katika nyingi za misafara, waliokuwa mbele hawakuwa na la kufanya, bali waliofuata walitegemea nafasi. Pikipiki iendayo maili 50 kwa saa inakula zaidi ya futi 70 kila sekunde. Mtu anapoona, anapoamua na mkono wake unapofika kwenye breki, sekunde moja na zaidi imekwisha kupita.

MMOJA AKIANGUKA

Likitokea la kutokea, moyo wa kila mmoja humwambia akimbilie majeruhi. Wote wakikimbilia majeruhi, hapatakuwa na wa kuzuia magari, na ajali moja itazaa ya pili. Kwa hiyo kazi zigawanywe, tena zigawanywe kabla ya safari:

Mmoja apige simu 911, ataje jina la barabara, upande wanaoelekea, na alama yoyote iliyo karibu. Milimani mara nyingi simu haishiki. Huyo aende mpaka mahali itakaposhika, wala wasiende watatu.

Wawili warudi nyuma na kwenda mbele, mbali kiasi cha kuonekana kabla ya kona, wazuie magari.

Mwenye kujua huduma ya kwanza abaki na majeruhi. Asimnyanyue, asimkalishe, asimpe maji. Kama anavuja damu nyingi, akandamize jeraha kwa kitambaa kwa nguvu bila kuachia. Helmeti isivuliwe maadamu anapumua, kwa kuwa shingo huenda imevunjika. Ila akiwa hapumui, uhai unatangulia, na watu wawili waivue polepole, mmoja ameshika kichwa na shingo visitikisike, ndipo aanze kusukumwa kifua.

Aliyebaki azungumze naye. Amwite kwa jina, amshike mkono, amtamkishe shahada ikiwa hali imekuwa nzito.

Wengine huogopa kumgusa majeruhi wakidhani watashitakiwa. Kila jimbo la Marekani lina sheria ya kumkinga mtu asaidiaye kwa nia njema wakati wa dharura. Kozi ya huduma ya kwanza ni ya siku moja tu, na jamaa kumi wakikusanyika msikitini wanaweza kumwomba mwalimu awafuate hapo hapo.

NYUMBANI

Kuna la mwisho, ambalo hatupendi kulitaja. Mtu afapo ghafla barabarani, sheria ya hapa humweka mikononi mwa daktari wa serikali anayechunguza sababu za vifo. Familia haiwezi kumchukua maiti siku ile ile kama tulivyozoea, na pengine daktari ataamua kumpasua. Majimbo kadhaa, yakiwemo New York, New Jersey na California, yana sheria inayompa nafasi mtu au familia kupinga upasuaji kwa sababu za dini, isipokuwa pale penye shaka ya jinai au haja kubwa ya afya ya umma. Lakini pingamizi lazima lifike mapema. Asiyejua hukaa nyumbani akipokea mikono ya pole wakati uamuzi unapitishwa upande wa pili wa mji. Basi mmoja wa familia, au imamu, apige simu ofisi hiyo mara moja, aeleze kwa adabu mila zetu za mazishi ya haraka, na aulize kama uchunguzi wa nje au wa picha utatosha.

Na kila mwendeshaji awe na karatasi ndogo ndani ya koti, si ndani ya simu peke yake maana simu huvunjika: jina lake, dawa anazotumia, na namba za watu wawili wanaoongea Kiingereza vizuri. Mama asiyejua lugha kupokea simu ya polisi usiku ni dhiki juu ya dhiki.

Baada ya msiba wa Randolph, mnamo Julai 2019, maelfu ya waendesha pikipiki walifanya msafara mkubwa wa kuwakumbuka wale saba. Hawakuacha kupanda pikipiki, wala sisi hatutegemei kuwa vijana wetu wataacha kwa kukatazwa. Kijana akatazwaye huficha pikipiki yake kwa rafiki, na hapo mzazi hajui hata jina la barabara atakayoipita.

Afadhali kumkalisha, kumsomea haya, na kumwuliza maswali matatu kabla hajawasha moto: Mnatoka wangapi? Nani anaongoza, nani yuko nyuma? Na mmoja wenu akianguka, kazi yako wewe ni ipi? Akiyajibu, mpe mkono na umwombee. Akishindwa kuyajibu, basi msafara huo haujawa tayari kuondoka.

Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa, awaponye majeruhi, na awarudishe salama wote walioko njiani. Amin.